Historia ya wasanii wetu iandikwe sasa



Kila mutu hapa anajua kama Apolo Kivebulaya alifika Boga mwaka 1896. Tunajua kwa sababu iliandikwa. Lakini vikundi vya teatre na muziki ambavyo vijana walianzisha wenyewe, bila feza ya serikali wala shirika, nani atasema vilianza lini?

Mwisho wa Mei 2021, watu waliuawa Boga na familia zikakimbia. Anayekimbia anabeba mutoto na sufuria. Kaye ya nyimbo inabaki.

Goma iko na Yole!Africa. Lubumbashi wasanii walianzisha Picha mwaka 2008. Ile ni miji mikubwa, wageni wanafika na kuandika. Boga hakuna atakayekuja kutuandikia.

Kila kikundi kiandike majina ya waanzilishi, mwaka, fasi walichezea, hata ugomvi uliowatenganisha (ndiyo, na ugomvi!). Nakala moja ibaki hapa, ingine iende Bunia. Simu peke yake hapana, inaibiwa.

Na wakubwa wetu, muko na fasi ya kuweka karatasi za kodi. Tunaomba kabati moja tu, yenye kufuli.