Mashua Zetu Zinalala Wapi?

Katika miaka ya karibuni Serikali imegawa boti nyingi kwa wavuvi na wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba, na katika baadhi ya madiko yamejengwa majengo mazuri ya kupokelea samaki. Hayo ni mambo ya kupongezwa, na sisi tunayapongeza. Hata hivyo, liko swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni hili: chombo kikishamshusha mwenyewe pwani, kinakaa wapi mpaka safari ya pili?

Asiyeishi na bahari anaweza kulidharau swali hili. Lakini mashua ya mvuvi hukaa kwenye nanga saa nyingi kuliko zile inazokuwa safarini, na mara nyingi huharibikia pale pale ilipofungwa, mwenyewe akiwa nyumbani amelala. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliziangamiza merikebu za Sayyid Barghash zikiwa ndani ya bandari ya Unguja. Ikiwa merikebu za mfalme hazikusalimika bandarini, itasalimika vipi mashua ya mtu wa Chwaka yenye nanga moja na kamba kuukuu?

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua kubwa tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, ilhali wakati wa maji mafu huwa mita 1 hivi. Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, sehemu yake kubwa hubaki mchanga, tope na majani ya bahari maji yanapotoka. Mahali palipokuwa na pima mbili alfajiri, saa nne asubuhi akina mama hupita kwa miguu wakiokota kombe.

Kufunga chombo katika maji ya namna hiyo ni elimu kamili. Kamba hupimwa kwa kina cha maji yatakayojaa, wala si kwa kina cha saa ile nanga inapotupwa. Tena maji hayaendi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho huleta kidogo tu, na zile mbili za katikati huleta nusu nzima. Aliyeacha mashua yake imetulia akaenda barazani kunywa kahawa, anaporudi huikuta inavuta nanga. Mwenye busara hutia nanga mbili, moja ya omo na moja ya tezi, ili chombo kisizunguke bali kikalie mchanga ule ule kila maji yanapopwa. Dau la chini pana hukaa vizuri. Mashua yenye mkuku mrefu hulala ubavu isipotiwa gadi, na maji yanaporudi huweza kuingia ndani kabla haijainuka. Elimu hii wazee wa madiko wanayo, na vijana wanaopewa boti leo wengi wao hawakurithishwa.

Boti zenyewe nazo zimebadilika. Faiba ni nyepesi na haili mchwa, lakini haivumilii kusuguana na mwamba. Dakika zile maji yanapoanza kuiinua, wimbi dogo huipigapiga chini mara mia, na jiwe moja lisiloonekana latosha kuitoboa. Mashine iliyoachwa imeteremshwa huota mchangani, na chombo kikilala juu yake kitu huvunjika.

Jambo hili linawagusa hasa wakulima wa mwani. Tangu kilimo hicho kianze kibiashara upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, wanawake walikwenda mashambani kwa miguu wakati wa bamvua. Maji ya pwani yamezidi joto, mwani wenye bei nzuri umekuwa ukifa mahali pa kina kifupi, na sasa wanatakiwa kulima maji ya mbele zaidi, yasiyofikika bila chombo. Mama ambaye hakuwahi kumiliki hata mtumbwi amekabidhiwa boti. Je, amekabidhiwa pia mahali pa kuifunga, ili nanga yake isikokote kamba za jirani yake?

Wako watakaosema kwamba wazee wetu walitia nanga miaka yote bila kudai chochote. Ni kweli, lakini vyombo vilikuwa vichache, na pwani ilikuwa wazi. Kusi ilipochafuka waliivuta mashua mpaka chini ya minazi. Leo katika vijiji kadhaa vya mashariki mahali hapo pana ukuta wa hoteli. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, kabla hakijafika Mafia tarehe 4. Tahadhari ni kitu cha thamani sana kwa mtu mwenye pa kukipeleka chombo chake.

Wengine watasema gati litamaliza yote. Gati ni jema kwa abiria na mizigo. Mashua ndogo iliyofungwa gatini kwa kamba fupi hubaki inaning'inia maji yakipwa; na ikifungwa kwa kamba ndefu huweza kuingia chini ya gati, kisha maji yanapojaa ikabanwa na boriti mpaka ikavunjika.

Maombi yetu kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi si makubwa. Kila diko la maji mafupi litengewe eneo la kulaza vyombo, lenye mchanga safi ulioondolewa mawe, na lilindwe kwa maandishi dhidi ya ujenzi. Katika mikondo isiyokauka yatiwe maboya ya kudumu, yenye minyororo na uzito wa zege, ambao mafundi wetu wanaweza kuumimina wenyewe. Uzito huo ufukiwe mchangani, mbali na matumbawe, usiachwe umejitokeza. Chombo kikipwelewa juu yake kitatoboka, na dawa itakuwa imegeuka ugonjwa. Kamati za wavuvi za shehia zikague minyororo kila mwaka kabla ya kusi, na mwenye chombo alipe ada kidogo ya ukaguzi. Boya lisilo na mwenyewe ni hatari kuliko kukosa boya.

Tunawaomba pia waheshimiwa maofisa wabadili saa ya ziara zao. Anayetembelea diko maji yamejaa huona bahari nzuri na boti zinazoelea. Aje siku ya pili baada ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, avue viatu, atembee na wazee mpaka nanga za mwisho zilipo. Wapimaji waje naye na vigingi vyao, kwani kazi ya kutia alama yaweza kuanza asubuhi hiyo hiyo, na itabidi iishe kabla ya saa saba, maji yanaporudi.