Tabibu na Mgonjwa Wake: Je, Lazima Wawe wa Dini Moja?

Ilula, mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Iringa na Morogoro, una nyanya nyingi na makanisa mengi. Hata hospitali yake ni ya Kilutheri. Mgonjwa aingiapo na kusema, "Bwana Yesu asifiwe," naye muuguzi akajibu, "Amina," nusu ya kazi ya kujuana huwa imekwisha. Ndiyo maana wengi huamini kwamba maradhi ya nafsi, kama vile sonona, hutibiwa vyema zaidi na mtu wa dini ya mgonjwa.

Imani hiyo ina ukweli, lakini hautoshi. Mwaka 1992 Rebecca Propst na wenzake, huko Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu watu 59 washika dini waliougua sonona. Baadhi yao walipewa tiba ya kawaida ya mazungumzo. Wengine walipewa tiba hiyo hiyo, ila hoja na mifano yake ilitoka katika dini yao. Tiba hii ya pili ilifanya vizuri. Na, ajabu ya mambo, waliofanikiwa zaidi kuitumia walikuwa matabibu wasio na dini! Watu 59 ni wachache, na Marekani si Ilula. Hata hivyo, kushiriki imani ya mgonjwa ni jambo moja, na kuijua na kuiheshimu ni jambo jingine.

Huenda sababu ni hii: muumini mwenzake hudhani anajua tayari. Mjane akisema, "Mungu ameniacha," yeye huharakisha kumtuliza kwa maneno ya Maandiko. Mgeni wa dini hiyo hulazimika kuuliza: tangu lini, mama? Usingizi unakuja? Umewahi kuwaza kufa? Swali hili la mwisho ndilo liwezalo kuokoa maisha, na ndilo lirukwalo upesi.

Tena kuna aibu. Mgonjwa atathubutuje kumwambia mzee wa usharika wake kwamba ameacha kusali, na kwamba hunywa ulanzi tangu alfajiri?

Wataalamu wa tiba hii nchini ni wachache mno. Kumtafutia kila mgonjwa mtu wa dini yake ni ndoto. Muuguzi Mlutheri atampokea dereva wa lori Mwislamu, na mwalimu wa ushauri shuleni atawapokea wanafunzi wa kila dhehebu. Wafundishwe basi kuuliza, "Katika shida hii, dini yako inakusaidia au inakulemea?" kisha wanyamaze na kusikiliza.