Molasi ya Moshi inaweza kusaidia bahari ya Tanga? Ndiyo, ila kuna kikwazo

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga. Ni kilomita 1,443, na zaidi ya 1,100 kati ya hizo zimo Tanzania. Swali ambalo halisikiki sana ni hili: siku mafuta yakimwagika baharini pale, tutayasafisha na nini?

Sehemu ya jibu inaweza kutoka Arusha Chini, kwenye miwa ya TPC, kusini mwa Moshi. Lakini tusiharakishe kushangilia.

Dawa inavyofanya kazi

Dawa ya kutawanya mafuta ni ndugu wa sabuni. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta. Ukiinyunyiza, mafuta yanayoelea yanakatika vitone vidogo sana, mawimbi yanavichanganya na maji, halafu bakteria wanavila. Makadirio ya kawaida ni lita moja ya dawa kwa lita 20 za mafuta.

Yaani dawa haiondoi mafuta. Inayahamisha tu kutoka juu ya maji kwenda ndani yake.

Mwaka 2010, baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Mexico, zilitumika karibu lita milioni 7 za dawa za viwandani. Ubishi kuhusu madhara yake kwa viumbe wa baharini ulikuwa mkubwa, na watafiti wengi wakageukia dawa zinazotokana na mimea na vijidudu.

Moshi tuna nini?

Anayejua mbege inavyochachuka ataelewa haraka. Kuna aina ya hamira ambayo ukiilisha sukari na mafuta ya mimea, inatengeneza yenyewe kitu kinachofanya kazi ya sabuni. Wataalamu wanakiita soforolipidi. Sukari inaweza kutoka kwenye molasi, mafuta yakatoka kwenye alizeti.

Njia nyingine ni lesithini, inayopatikana kwenye soya na alizeti. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa ikichanganywa na Tween 80, ambayo hutiwa hata kwenye aiskrimu, inatawanya mafuta ghafi vizuri. Lesithini huvuta upande wa mafuta, Tween upande wa maji. Zikiwa pamoja zinashika vizuri pale maji na mafuta yanapokutana. Kinachobaki ni spiriti ya kuilainisha ili ipulizike, na hiyo nayo hutengenezwa kwa molasi.

Malighafi ipo, basi. Kazi ngumu ni kupata mchanganyiko sahihi.

Kikwazo ni mafuta yenyewe

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yasipopashwa moto yanaganda, ndiyo maana bomba limebuniwa kuyaweka kwenye nyuzi joto 50 hivi. Bahari ya Tanga haina joto hilo. Yakimwagika yanaweza kuganda mabonge, kama samli asubuhi ya baridi kule Marangu. Ukipulizia dawa kwenye bonge, inateleza na kuishia majini bila kufanya kazi. Hapo zinahitajika nyavu na koleo.

Halafu kuna kina cha maji. Dawa hizi ni za bahari kuu. Tanga kuna mikoko, matumbawe na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kusukuma vitone vya mafuta kwenye maji mafupi ni kuwapelekea samaki sumu mlangoni.

Na mito yetu?

Weruweru, Karanga na Kikuletwa zote zinaelekea Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani. Lori la dizeli likipinduka barabara kuu, ukiosha lami kwa maji ya sabuni inaonekana safi, lakini mafuta yameingia mtaroni, pengine hadi kwenye mfongo wa kihamba cha mtu. Dawa ikiwa ya asili, matokeo ni yaleyale.

Kama ni petroli, kaa mbali kabisa. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa. Kama ni dizeli au oili, wahusika wazibe mtaro kwa udongo, wamwage mchanga, maranda ya mbao au makapi ya miwa, kisha wazoe. Mauritius mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipovuja, wananchi walishona maboya ya kuzuia mafuta kwa majani ya miwa.

Kwa hiyo vijana wa maabara zetu wasikatishwe tamaa. Ila akija mtu na chupa imeandikwa "asilia", aulizwe maswali matatu kabla ya kupewa tenda: imejaribiwa kwa mafuta ya Hoima au kwa dizeli ya ndoo? Kwenye maji ya joto gani? Na samaki waliokuwemo walibaki hai?