Mpini wa Bastola Usitiwe Chai

Sisi watu wa pwani habari ya mipini tunaijua. Zipo nyumba nyingi Mji wa Kale na Lamu ambamo jambia la babu limelala sandukuni, nawe ukilitazama vizuri utakuta chuma ni cha zamani, ala ni ya zamani, lakini mpini umekwisha badilishwa mara mbili au tatu. Si ajabu. Mpini ndio unaoshikwa, ndio unaoingia jasho, na kitu kikianguka chini ndio unaopasuka kwanza. Kwa hivyo nilipokuwa Kericho kwa shemeji yangu mwenye duka, nikaombwa nende kumtazamia mzee mmoja mpini uliovunjika, sikushtuka. Nilishtuka nilipofika. Halikuwa jambia. Ilikuwa bastola.

Mzee huyo ni Mkipsigis wa upande wa Sotik, katika wilaya ya zamani ambayo leo ni sehemu ya kaunti ya Bomet, na alifanya kazi ya ukarani katika shamba la chai hata akastaafu. Sasa anakusanya vitu vya kale: vibuyu vya mursik, ngao, saa za ukutani, taipu mbili mbovu. Bastola aliipata kutoka nyumba ya Mzungu mmoja iliyokuwa ikiuzwa vyombo vyake. Cheti cha kuimiliki anacho, nami nilikitaka nikione kabla ya kuinyoshea mkono, kwani sheria yetu haitanii na bunduki, na aliye na bunduki ya babu bila ya cheti asijidanganye kwamba uzee wake utamwokoa.

Ni bastola nzito ya Kiingereza, Webley, ile ambayo risasi zake sita hukaa katika silinda inayozunguka. Mpini wake una vibao viwili, kimoja kila upande, vilivyobanwa kwa parafujo moja. Cha kulia kipo. Cha kushoto kimepasuka katikati na nusu yake imepotea. Mzee alikuwa akitafuta kibao kingine kitakachofanana na wakati wa bastola yenyewe, na wakati huo alikuwa ameambiwa na muuzaji: mwaka 1905, vita vya Sotik.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito, na msomaji ambaye hajapata kusikia habari za Sotik inafaa aelezwe. Mwezi wa Juni mwaka 1905 Serikali ya Kiingereza ilipeleka jeshi kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik kwa sababu walikataa kurudisha ng'ombe waliowateka kwa Wamasai. Jeshi hilo, chini ya Meja Pope-Hennessy, lilikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim. Hesabu inayotajwa ni watu wapatao 1,850 waliouawa, wanawake na watoto wakiwamo. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba, huko Nandi, Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa kufanya suluhu. Watoto wetu wa pwani husomeshwa habari za Mbaruk bin Rashid na za Mekatilili, na ni vyema, lakini haya ya bara huyapita mbio.

Mzee alikuwa na mipango yake. Kuna chumba nyumbani kwake ambamo anataka wanafunzi wa shule za jirani waje kutazama. Bastola ingewekwa mezani na maandishi mbele yake: hii ilikuwa Sotik. Babu yake mzaa baba, alinambia, alipoteza huko ndugu wawili. Kitu alichokuwa akikitafuta hasa si kibao cha mpini. Alikuwa akitafuta ushahidi ambao mtu anaweza kuushika mkononi.

Watu wa kumsaidia hawakukosekana. Mmoja alimwambia angemletea vibao vya pembe ya ndovu, kwa kuwa ati bastola za maofisa wakubwa zote zilikuwa na pembe. Huo ni uwongo wa sinema za Marekani. Bastola za jeshi la Kiingereza hazikutoka kiwandani na pembe. Na hata kama zingekuwa nazo, mtu wa Kenya atazipata wapi kwa halali? Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Julai 1989 Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na Aprili 2016 zikachomwa tani zaidi ya 100 mahali hapo hapo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimwachi salama anayeshikwa na pembe asiyo na idhini nayo. Sisi wenye majambia tulikwisha pambana na jambo hili katika pembe za kifaru, tukajifunza kutumia pembe za ng'ombe na mbao, na jambia likabaki jambia.

Wa pili alikuwa fundi seremala wa mjini, hodari sana wa mkono. Yeye alishauri achonge vibao vipya viwili, kisha avichemshe katika chai kavu iliyokolezwa, avifukie udongoni wiki mbili, avisugue kwa mafuta na masizi. Vikitoka hapo, alisema, hata Mwingereza mwenyewe ataapa kwamba ni vya 1905. Nilicheka, maana mahali penye kijani cha majani ya chai mpaka upeo wa macho, hata ughushi wenyewe unapikwa kwa chai. Lakini si jambo la kucheka. Kila mwenye kufanya biashara ya vitu vya kale anaijua hila hii. Hutumika kwa karatasi, kwa mifupa, kwa mbao. Na ina ubaya mwingine ambao fundi hakuufikiria: ukali ule wa chai ukikutana na chuma hukigeuza rangi kikawa cheusi, kwa hivyo kibao kilichonyonya chai hakiishi kwa amani na bastola kilichofungwa kwayo.

Nikaomba bastola niitazame penye mwanga. Nilianza kwa kile kibao cha kulia kilichosalia. Si mti. Ni eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na kibiriti mpaka ukawa mgumu kama pembe, nao umechanjwa mistari inayokatana kama jamvi ili mkono usiteleze. Eboniti ikipigwa na jua miaka mingi hupoteza weusi wake ikawa ya hudhurungi iliyoelekea kijani, na ukiisugua kwa kidole hutoa harufu ya kibiriti. Hiki kilikuwa hivyo hivyo. Kwa hakika ni cha asili, na mti wa fundi ungekuwa kosa tangu mwanzo, na chai au bila ya chai.

Kisha nikatazama umbo la mpini. Bastola za Webley za jeshi za miaka ya 1887 hadi 1913, tangu toleo la kwanza hata la tano, zina kitako kilichopinda chini kama mdomo wa kasuku. Hii ilikuwa na kitako kilichokatwa wima, mraba. Hilo ni toleo la sita, nalo liliingia jeshini mwaka 1915. Tukaifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta, na juu ya chuma tukasoma chapa ya toleo lenyewe, na pembeni mwaka: 1917.

Mzee alinyamaza. Bastola iliyotengenezwa 1917 haikuweza kuua mtu Sotik mwaka 1905.

Baada ya kitambo akanambia jambo ambalo nadhani wengi wangelisema. Akasema: "Mwalimu, watu waliuawa kweli au hawakuuawa?" Nikamwambia waliuawa. "Basi tukitia mpini wa mdomo wa kasuku na tukafunika ile chapa, tumemdhulumu nani?"

Swali hili nimelichukua mpaka Mombasa, na jibu langu ni kwamba angeidhulumu Sotik yenyewe. Siku moja atakuja mtu anayejua bastola, pengine kijana mmoja tu wa chuo kikuu, aione chapa iliyofunikwa, aseme: hiki ni cha uwongo. Hataishia kwenye mpini. Atasema na mauaji pia ni ya uwongo. Wakipsigis na Watalai walikwisha peleka malalamiko yao ya ardhi na mateso kwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakayafikisha katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Watu wenye kesi ya namna hiyo hawana ruhusa ya kughushi hata parafujo. Waislamu tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka akakuta chini ni majimaji na juu ni makavu. Nafaka ile ilikuwa nafaka kweli. Aliyoikataza ni ile sura ya juu iliyoficha ya chini.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji kwa hadithi yake ya Sotik alikuwa akimnyima mzee bila ya kujua. Bastola ya 1917, huko Kericho, ina hadithi yake. Baada ya Vita Kuu vya kwanza, mwaka 1919, Waingereza walianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wao ardhi ya Kenya, na pale Kericho wakatenga ekari zipatazo 25,000 kwa ajili ya maofisa waliolemazwa na vita, ili walime kitani. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Wakaja maofisa, huyu hana mguu, yule mapafu yameungua, na wengi wao bila shaka na bastola zao za toleo la sita viunoni, kwani ndizo walizotoka nazo vitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Haikurudishwa kwa wenyewe. Yale majani ya chai ambayo fundi alitaka kuchemshia mpini yameota katika ardhi hiyo.

Siwezi kuapa kwamba bastola ya mzee ilifika na mmoja wa maofisa hao. Naweza kusema kwamba umri wake unaafiki, na mahali pake panaafiki, na maandishi ya mezani yakisema hivyo hapana kijana atakayeyaumbua.

Sasa habari ya kibao chenyewe. Rai yangu nilimpa mzee mbele ya fundi, nami nairudia hapa kwa yeyote mwenye silaha ya babu, ikiwa jambia au bastola. Kile kizima kisiguswe, hata msasa kisipitiwe. Kile kilichopasuka kisitupwe. Kitiwe mfukoni, kiwekwe pamoja na bastola. Vibao vipya vya eboniti kwa toleo la sita hutengenezwa Uingereza na Marekani, lakini aandikapo barua aombe cha kushoto, kwani cha kulia hakigeuziki. Tena kikifika parafujo ikazwe kwa vidole taratibu, maana eboniti hupasuka kwa mkazo. Bei ikimshinda, basi mpingo. Ni mweusi kama eboniti mpya, mzito, haunywi maji upesi, na wachongaji wa Changamwe, ambao ushirika wao una umri tangu mwaka 1963, wanaweza kuuchanja ile mistari ya jamvi ukadhani umechapwa. Lakini ndani, upande unaolala juu ya chuma, achonge mwaka wa kazi na neno "Changamwe". Akifungua parafujo mtu wa miaka hamsini ijayo, ajue.

Na bastola isisafiri. Nilichora mzingo wa kitako juu ya karatasi, nikachukua nakala ya kibao kizima kwa udongo wa mfinyanzi, nikavifunga katika gazeti. Hivyo ndivyo vilivyopanda basi na mimi, wala hapana askari wa kizuizini aliyenisumbua.

Fundi wa Kericho hakupendezwa. Alisema watu wa pwani tunafanya mambo yawe marefu. Mzee alinisindikiza mpaka njiani, mvua ya alasiri ikianza, ile ambayo huko hainyimi mtu siku. Alikuwa bado anayo 1905 moyoni. Akaniuliza, kama hii siyo, ile ya Sotik iko wapi. Nikamwambia labda iko Uingereza, ukutani kwa watu, na mpini wake mzima.

Kibao cha mpingo nimekiona juzi Changamwe. Bado hakijachanjwa mistari.