Jua la Rwamgasa tulikodishe wenyewe

Ndugu zangu wanzengo wa Rwamgasa, mnapajua pale mialo ya zamani ya kuoshea dhahabu ilipokuwa. Maji yamekauka, udongo umebadilika rangi, na hakuna anayethubutu kupanda hata mchicha, maana zebaki imemwagwa pale miaka nenda rudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulikuja kuipima zebaki hiyo hapa hapa kwetu. Ardhi hiyo tumeizoea kuiita imekufa. Naomba tuitazame upya: paneli za sola hazili udongo.

Wenzetu wa Kishapu wametangulia. Kijijini Ngunga, TANESCO ilianzisha mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50, kwa mkopo wa Ufaransa. Sisi hatuhitaji ukubwa huo. Megawati moja huenea kwenye ekari nne au tano hivi, na mteja tunaye mlangoni: karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha husaga mchana, jua nalo huwaka mchana, kwa hiyo betri, ambazo ni ghali, zitatosha chache. Ongeza pampu za kutoa maji kwenye maduara ya wachimbaji na mafundi wa kuchomelea. Anayewasha jenereta anajua dizeli inavyommaliza. Hata vumbi letu litaleta ajira, kwani paneli iliyofunikwa na vumbi hutoa umeme pungufu, na vijana watalipwa kuisafisha.

Lakini tusikurupuke. Kuna visusu, yaani marundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa, vyenye dhahabu ya marudio, navyo vina wenyewe. Kuna maeneo yenye leseni za uchimbaji. Ofisi ya Madini Geita iulizwe kwanza. Ngitili zetu zisiguswe kabisa, zile zimepumzishwa kwa ajili ya mifugo.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Basi tujae mkutanoni, na akina mama msikae nyuma. Tukubaliane mapema, kabla hajaja mtu na makaratasi yaliyokwisha kuandikwa: tunakodisha, hatuuzi. Kodi ilipwe kila mwaka na ipande kadiri miaka inavyokwenda. Mashimo ayafukie mkodishwaji kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza.

Anayejua kipande kisicho na leseni wala mgogoro amwambie mwenyekiti wa kitongoji chake wiki hii, ili kiingie kwenye ajenda.