Muhuri wa mtaa si hati ya kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenzangu wanaonunua viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chanika au Kigamboni. Wengi wakishapata karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, kesho yake wanashusha tofali. Muhuri ule unashuhudia tu kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali.

Kama kiwanja kina hati, chukua namba yake ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina la mmiliki, na kama kimewekwa rehani benki au kina zuio. Kama hakijapimwa, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ukaangalie mchoro wa mipango miji. Pale dalali anapokuonyesha sebule, mchoro unaweza kuonyesha barabara. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake naye asaini.

Kisha rudi kiwanjani bila dalali, ikiwezekana wakati wa masika. Tazama alama za tope kwenye kuta za majirani, uwaulize maji hufika wapi na nani amekuwa akilima pale. Penye mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Ombi langu kwa halmashauri zetu: bandikeni michoro ya mipango miji kwenye ofisi za mitaa, mnunuzi aione kabla hajatoa hela.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam