Chuchu Zikiuma, Usikae Kimya

Mama mpendwa, kunyonyesha ni jambo la kawaida, lakini si kila mama hulimudu tangu siku ya kwanza. Wengi wetu tuliambiwa huja kwenyewe. Ndiyo maana chuchu zikipasuka, au mtoto akilia usiku kucha, mama hujifungia chumbani na kuugulia peke yake. Halafu jirani anasema maziwa hayatoshi, bibi anakoroga uji mwepesi, na mtoto wa wiki tatu anaanza kuharisha.

Kabla hujafika huko, mwone muuguzi mkunga. Usiende na maelezo tu. Nenda na mtoto, umnyonyeshe mbele yake ili aone. Mara nyingi chanzo cha maumivu ni jinsi mtoto anavyoshika titi. Akishika chuchu tupu ataijeruhi, na maziwa hayatatoka vizuri. Yampasa apanue kinywa sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie kinywani, hasa upande wa chini. Kumweka mtoto vizuri tu kunaweza kukuletea nafuu.

Utajuaje kama anashiba? Kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24. Tena, wengi huwa wamerudia uzito waliozaliwa nao wanapotimiza wiki 2. Mizani ya kliniki husema kweli kuliko maneno ya majirani.

Titi likivimba sehemu moja, likawa na joto na maumivu, nawe ukapata homa, usiache kunyonyesha, maana maziwa yakikaa hali huzidi. Lakini fika kituo cha afya ndani ya siku moja. Ukichelewa huweza kugeuka jipu. Mtoto mchanga aliyelegea au anayekataa kabisa kunyonya apelekwe hapo hapo. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake, na akipata vidonda vya chuchu amweleze mhudumu siku hiyo hiyo.

Nawe mama mkwe, shangazi, au dada wa kanisani unayesoma haya: badala ya kukoroga uji, mbebee mzazi mtoto wake, mwende wote kliniki.